Kiaguzi na Matusi ya Ngonyani

Ta!

Mlio ulitoka uwanjani, ukagonga jiwe kubwa la Gangilonga, ukarudi mjini ukiwa mzima. Pale Soko Kuu la Iringa wauza ndizi waliinua vichwa. Huo ulikuwa mlio wa gongo likiupiga mpira katikati, mlio ambao mtoto wa Iringa wa karne ile aliujua kabla hajalijua jina la mwalimu wake. Lakini msimu wa besiboli ulikuwa umekwisha. Malango ya uwanja yalikuwa na kufuli, na wachezaji wa Miamba walikuwa makwao wakila likizo.

"Kiaguzi kimeamka," alisema muuza ndizi mmoja, akajifunga khanga upya. "Leo kuna mtu anaachwa."

Ta!

Ndani ya uwanja hakukuwa na mtazamaji hata mmoja, ila timu mbili zilikuwa zikicheza. Zilikuwa timu za nuru. Wachezaji walikimbia bila kukanyaga nyasi, wakateleza kwenye vituo bila kutimua vumbi. Ungeweza kuona jasho kwenye paji la mrushaji, na nyuma ya jasho hilo ukaona viti vitupu.

Juu ya jukwaa alisimama Injinia Raheli Kihwele, mikono kiunoni, akiitazama kazi yake kama mama anavyomtazama mwanawe siku ya kuhitimu. Kiaguzi, lile sanduku la chuma lililowekwa pembeni ya nyasi, kilikuwa chake. Hakikuletwa kwa ndege wala kwa meli. Kilisukwa hapahapa Iringa, katika karakana ya Kihesa, na vijana waliokuwa wakila viazi huku wakichomelea nyaya. Katika kila helmeti ya mchezaji walipachika kifungo kidogo walichokiita kisikia-moyo, kinachosikiliza sauti na mapigo ya moyo msimu mzima. Msimu ukiisha, Kiaguzi kilikusanya yote hayo, kikawatengeneza wachezaji upya kwa nuru, kisha kikaucheza msimu ujao tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Kikimaliza, kilimtoa mtu mmoja, kikamwingiza mwingine, kikaanza tena, hadi kipate kikosi kisichoshindika. Wenzake walitaka kiwe kimya. Raheli alikataa. Besiboli bila mlio, aliwaambia, ni harusi bila vigelegele.

Tangu Kiaguzi kianze kuchagua kikosi, Miamba walikuwa wamechukua kombe la taifa mara mbili. Timu za miji mikubwa zilituma wajumbe kukikodisha. Raheli aliwapa chai, akawasindikiza.

Mkurugenzi wa klabu, Bwana Chengula, alipanda jukwaani akihema. Nyuma yake alikuja Kocha Mpogole, mzee mwembamba mwenye kofia iliyopauka.

"Haya, Injinia," Chengula alisema. "Shirikisho linafunga usajili saa kumi na moja jioni. Kiseme."

Vivuli vya nuru vikasimama palepale. Sauti tulivu ikatoka kwenye vipaza sauti.

"Mrushaji Leodegar Kalinga abaki. Mdakaji Fulgensi Ngonyani aachwe, nafasi yake ichukuliwe na Eliya Mwambene. Sababu: Ngonyani anamvunja moyo Kalinga. Amemtolea lugha ya kudhalilisha katika kila mchezo. Tangu mwezi wa saba matusi yameongezeka, na moyo wa Kalinga umeshuka."

Kocha alivua kofia. Katika besiboli mrushaji husimama peke yake katikati ya uwanja, na mdakaji huchuchumaa mbali mbele yake, nyuma ya mpigaji, akimwongoza kwa vidole na kwa mdomo. Wawili hao ni kama mwenye jembe na mwenye mbegu. Ukibadilisha mmoja, umebadilisha shamba.

"Ngonyani ameidakia timu hii tangu uwanja huu una nyasi za kuota zenyewe," Kocha alisema.

"Na magoti yake yamezeeka pamoja na nyasi hizo," Chengula akajibu.

"Magoti yake Kiaguzi kimeyapitisha, Mkuu," alisema Raheli. "Kisichopita ni mdomo."

"Mdomo!" Kocha alicheka bila furaha. "Mwaka jana mlimwacha Benno Komba, mkaniambia takwimu. Nikanyamaza, maana mimi takwimu zangu zinaishia kwenye vidole. Mwaka huu sinyamazi. Nioneshe kwa watu, Injinia, si kwa taa."

Raheli hakuwa mtu wa kuogopa jaribio. "Mwite Kalinga," alisema. "Mwite na huyo Mwambene, yuko hotelini na wenzake wanaosubiri kusajiliwa. Kazi yangu haiogopi jua."

*

Saa nane mchana Leodegar Kalinga alisimama kwenye kichuguu cha mrushaji. Alikuwa kijana wa Kihehe, mrefu, mwenye mkono ulioimbwa mtaani, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa vibaya. Eliya Mwambene, mdakaji mpya kutoka Mbeya, alichuchumaa mbele yake, na mpigaji wa nuru akakaa tayari na gongo la nuru. Mpira ulikuwa wa kweli. Gongo la nuru likiugusa, Kiaguzi kilichora angani mahali ambapo mpira ungeangukia.

"Karibu, kaka," Mwambene alisema kwa adabu. "Tulia tu, kaka. Uko vizuri sana."

Kalinga akarusha. Ta! Mpira wa nuru ukapaa juu ya ukuta.

"Usijali, kaka. Mzuri ule."

Ta! Mwingine ukaupita ukuta. Wa tatu ulikwenda pembeni kabisa, Mwambene akaufuata akikimbia.

"Bado hajapasha misuli," Chengula alisema.

Raheli aliinamia kioo cha vipimo mkononi mwake. Moyo wa Kalinga ulikuwa unadunda polepole, chini, kama ngoma inayopigwa na mtu asiyetaka kucheza. Kiaguzi kilikuwa kimetabiri kwamba akiwa na mdakaji mpole moyo huo ungepanda. Haukupanda.

Ndipo lango la pembeni likafunguliwa, akaingia Fulgensi Ngonyani na begi tupu. Miamba walikuwa na mila yao: mchezaji haachwi kwa ujumbe, huitwa akaambiwa usoni. Ngonyani aliitwa, na begi lake lilionesha kwamba amekwishajua. Alikuja kuchukua glavu zake kabatini. Alikuwa mtu mpana, Mngoni wa Songea aliyehamia Iringa, na alitembea kama kabati linalohamishwa. Alipofika kwenye uzio akasimama, akatazama mipira miwili ikirushwa ovyo. Akaweka begi chini.

"We Leodegar!" sauti yake ikajaa uwanja. "Huo ni mkono au mwiko wa mama mkwe? Ndiyo maana mbwa wa Kihesa siku hizi wanalala katikati ya barabara. Wamejua huwezi kuwapata hata kwa jiwe!"

"Tusi zito," Kiaguzi kikasema.

Kalinga aligeuka. Kitu kikapita usoni mwake, kikafika mabegani.

"Nyamaza, Mngoni!" akapaza. "Babu yako alifika Songea kabla mkuki wetu haujatua. Mbio zile ndizo zilizokuachia magoti mabovu!"

"Alikimbia harufu ya supu yenu ya mbwa! Rusha mpira, usirushe maneno!"

Vuu... pa!

Mwambene alikaa chini kwa makalio, mpira ukiwa umezama kwenye glavu. Mpigaji wa nuru hakuwa hata ameinua gongo. Kalinga akarusha tena, na tena, na kila mara Ngonyani alimtukania ukoo, chakula na miguu, na kila mara mpira ulipita kama radi iliyopata njia.

"Tusi zito," Kiaguzi kiliendelea. "Tusi zito. Moyo wa Kalinga umepanda. Hali: hasira."

Raheli aliinua macho kutoka kwenye kioo, akamtazama Kalinga mwenyewe. Meno yote yalikuwa nje. Mtu yule alikuwa anacheka.

Akashuka ngazi mbilimbili hadi kwenye nyasi.

"Kalinga, mwezi wa saba kulitokea nini?"

Kicheko kilizimika. "Mzee wangu alifariki, Injinia."

"Pole sana. Na huyu?" Akamwelekeza Ngonyani kidole.

"Huyu?" Kalinga alifuta jasho. "Huyu alikuja msibani amevaa koti la marehemu. Akachukua na fimbo yake, akatembea mbele ya waombolezaji akikohoa kama Mzee, akiwagombeza wajukuu kama Mzee. Jeneza lilipofika akalala pembeni ya kaburi, akasema hatoki, mzee huyu wa Kihehe hajamaliza kumtukana. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa sijalia tangu nipate habari, Injinia. Siku ile nikacheka, ndipo nikalia. Baada ya hapo nikisimama hapa nikaanza kuzama, ananitukana. Kadiri ninavyozama ndivyo anavyozidisha. Akininyamazia, nimekwisha."

Raheli alihisi joto likipanda shingoni. Matusi hayakuushusha moyo wa Kalinga. Moyo ulishuka, matusi yakaja kuunyanyua. Kiaguzi kiliiona dawa, kikadhani ndiyo ugonjwa.

Na nani alikifundisha? Yeye, Raheli, binti wa Kihehe. Ili mashine yake isizidiwe na ya mtu yeyote duniani, alikuwa amekusanya sauti kutoka ligi za mataifa ya mbali, ambako anayekutukana anakuchukia. Alikifundisha upepo wa nyanda za juu, wepesi wa hewa, ugumu wa nyasi. Hakukifundisha kwamba Wahehe na Wangoni walipigana vita mpaka wakaheshimiana, wakawa watani, na kwamba tangu wakati huo mtani hukutukana mbele za watu na kukuchimbia kaburi bila kuombwa. Jambo hilo alilijua tangu utotoni. Alilijua mno, hata hakuona kwamba ni elimu.

"Injinia," Chengula aliita kutoka jukwaani, "muda unakwenda. Vikombe viwili, kumbuka! Mashine haijawahi kutuangusha."

"Mkuu, andika Ngonyani abaki."

"Unakipinga chombo chako mwenyewe?"

"Chombo ni changu, na najivunia kila waya wake!" Sauti yake ilipaa, na jiwe la Gangilonga likaijibu. "Ndiyo maana siwezi kukiacha kiseme uongo mbele ya watu. Mashine ya kukodi ningeitetea. Hii ni mwanangu, nitaikosoa."

Kocha Mpogole alikwishavaa kofia yake. Alimnyooshea Chengula kalamu ya nuru. Mkurugenzi aliitazama, akamtazama Kalinga, akamtazama Mwambene aliyekuwa bado anapuliza kiganja chake kilichovimba. Akasajili wadakaji wawili, mmoja wa kudaka na mmoja wa kujifunza kutukana, na jina la Fulgensi Ngonyani likaenda shirikisho jua likiwa bado juu.

Vijana waliokuwa wamepanda ukuta kuchungulia wakaanza wimbo wa mashabiki, wakipiga makofi:

*Iringa ni ya miamba, nani atatusukuma?*
*Tumeinuka twatamba, hatutazami ya nyuma!*

Lakini Ngonyani hakuimba. Alikuwa ameokota begi lake, akalikunja vizuri.

"Injinia," alisema, "mimi nimepona. Na Komba?"

Wimbo ulikuwa unaendelea, ila Raheli hakuusikia tena. Benno Komba, mlinzi wa kituo cha kwanza, Mngoni mwingine, mcheshi kuliko wote. Aliachwa mwaka jana kwa sababu ileile, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwambia mtu mzima kwamba mdomo wake ni sumu, walimwambia takwimu.

"Yuko wapi?"

"Peramiho, kwao. Mtu alimnong'oneza sababu yenyewe. Akaamini. Alidhani kweli alikuwa anawaumiza wenzake miaka yote hiyo." Ngonyani aliutazama ukuta. "Siku hizi hamtanii mtu. Msibani kwa shemeji yake Mbena, nao Wabena ni watani wetu, walimsubiri afanye kazi ya mtani. Alikaa nyuma ya nyumba mpaka watu wakatawanyika."

Kwenye kumbukumbu za Kiaguzi, Komba alikuwa jina lililofutwa na ushindi ulioongezeka. Hapakuwa na mahali pa kuandika mtu aliyenyamaza.

"Mpigie," Raheli alisema.

Ngonyani akapiga. Sura ya Komba ikatokea hewani, nyembamba kuliko ya zamani, nyuma yake mahindi yaliyoanikwa. Alipomwona injinia akamwamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni wa serikali. Adabu ile ilimchoma Raheli kuliko tusi.

"Komba," akasema, "mashine yangu ilikosea, na aliyeifundisha vibaya ni mimi. Hukumuumiza mtu." Komba aliangalia chini. Raheli akavuta pumzi, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu avae koti la uhandisi. "Ila hata mimi nimeshangaa. Mngoni mzima unakimbizwa na sanduku? Babu zako angalau walisubiri waone mkuki!"

Wimbo ukutani ulikatika. Komba hakusogea. Kisha kona ya mdomo wake ikatikisika.

"Mhehe," alisema polepole, kwa sauti yenye kutu, "umeniua, na sasa umekuja matangani kuulizia nyama. Ni ya mbuzi, nakuonya. Ya kwenu imebweka, ikatoroka."

Ngonyani alipiga goti lake kwa kicheko, Kalinga akajifunika uso kwa glavu. Nyuma yao sauti tulivu ikasema, "Tusi zito." Raheli akanyoosha mkono, akakizima Kiaguzi, na vivuli vyote vya nuru vikatoweka, wakabaki watu.

"Nisikilize, mtani," alisema, na hakujali machozi yake yanaonwa na nani. "Nakuja Peramiho wiki hii, mimi mwenyewe, na sanduku langu. Nitasema mbele ya watu wa kwenu kwamba nilikosea. Halafu utalitukana hilo sanduku asubuhi na jioni mpaka lijue kucheka. Na nakuahidi, Benno Komba, hawa wote wananisikia: halitamwacha mtu mwingine nje ya kikosi kabla wewe hujasema limeelewa."