Plagi Niliyoitupa Mtoni

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza, tukiwa tunafua nguo. Ng'ambo ya mto kuna kitu kinachoita jioni kwa sauti ya mtu unayemjua. Boti ikikifuata, hairudi.

"Usinitishe, wifi. Kaka yako ndiye anayeendesha boti."

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Yeye atanicheka."

Siku ileile mama mkwe alivuka kwenda kumwona dada yake. Aliaga kwamba angelala huko. Jua lilipozama nilikuwa naanua nguo, mtoto mgongoni, nikasikia...

"Nivusheni!"

Sauti ya mama mkwe.

Mume wangu akaingia ndani kuchukua koti. Nami, Mungu anisamehe, nikakimbilia botini na spana. Nikafungua plagi mpya ya kuwashia injini, nikafunga ile mbovu aliyokuwa ameitia kwenye kopo. Ile nzima nikaitupa mtoni.

Akaja, akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"We mashine, leo umenuna nini?"

Akalegeza kifuniko cha tanki kipate hewa. Akaminya pampu ya mafuta. Harufu ya petroli ikatanda. Akavuta tena na tena, mpaka viganja vikachubuka.

"Labda... plagi," nilinong'ona.

"Plagi? Si nimefunga mpya leo asubuhi! Hebu kaa pembeni, mama."

Mto ulikuwa umefurika. Kwa kasia tusingefua dafu.

"Mwanangu... baridi..."

Sauti ile ililia. Ikalia. Kisha ikakatika.

Mume wangu akakaa chini kwenye tope, akajifunika uso.

Sikupata usingizi. Sikutoka nje hata mara moja, naapa.

Asubuhi mlango ukagongwa.

Mama mkwe. Nguo zinachuruzika maji.

"Asante, mkwe wangu," akaniambia. "Umejitahidi kuja kunichukua. Ila mbona njia nzima hukusema neno?"

Mume wangu akanigeukia. Kisha akatazama mtoni. Boti ilikuwa palepale, imefungwa.

Nikafungua mdomo. Niseme nini? Kwamba nilimwacha ng'ambo makusudi? Au kwamba huyu aliyesimama hapa simjui?

Akanyoosha mikono.

"Nipe mjukuu wangu nimpakate."

Mtoto alinikamata nguo kwa nguvu.

Nikamfungua mgongoni. Kwa aibu, nikampa.