Taa ya Lukafu

Donat alikuwa mudogo wangu, siye tulitoka tumbo moja. Alikuwa anatumika ku biro, ofisi ya kampani moja ya shaba, hapa Lubumbashi, ile miaka bantu balikuwa banaitana tu sitwayen, ni kusema mwananchi. Kampani ilikuwa na biro ingine Kipushi, na ingine Lukafu. Zote zilikuwa zinasemezana kwa waya ya simu.

Siku moja shefu akamwambia: "Sitwayen Mwaba, waya zinakatika na siye hatujui. Unipangie ubao, kila biro na taa yake. Kila saa mutaitana. Huyu anasema 'Niko', anauliza 'Uko?', na mwenzake anajibu 'Niko'. Asiyejibu, kazi yake imekwisha."

Donat akapanga taa zake vizuri. Jioni akacheka, akaniambia mimi mukubwa wake: "Yaya, sasa niko mulinzi wa waya! Taa ikizimika, ninajua waya imekufa."

Mama yetu hakucheka. "Muntu haumuone, anakuuliza kama uko, na weye unaitika mbio mbio?"

"Mama, hii njo kazi yangu."

Mvua ilipoanza, taa ya Lukafu ikazimika. Donat akaenda kule na Paulin, fundi wa waya. Wakakuta miti imeanguka, na waya bantu bamebeba yote. Ku biro ya Lukafu wakakuta matanga. Kalaba, yule aliyekuwa anajibu simu kule, balimuzika jana yake.

Wakarudia mujini. Kesho yake, saa sita mchana, jua kali ndani ya biro, taa ya Lukafu ikawaka.

Paulin alikuwepo, njo yeye alinielezea. Akanong'ona: "Waya haiko. Siye wawili tuliona."

Simu ikalia. Mukono wa Donat ukaenda wenyewe ku simu, kwa mazoea.

"Niko," sauti ikasema. Ilikuwa ya Kalaba. "Uko?"

Donat akakumbuka maneno ya mama. Hakuitika.

Sauti ikangoja. Kisha ikauliza, polepole:

"Jeanne uko?"

Jeanne ni mutoto wa Donat, alikuwa na miezi sita. Saa ile alikuwa ku miguu yangu, nyumbani, anacheka. Akaacha kucheka. Akageukia ukuta. Akakaza macho. Kifua hakikupanda tena. Nikamutikisa. Nikaita jina lake. Hakuna kitu.

Kule biro, Donat akapiga kelele: "Achana na mutoto! Mimi njo niko. Niko!"

Taa ikazimika.

Jeanne akalia.

Donat alifika nyumbani. Akamubeba mutoto, akamunusa kichwa, akanirudishia. "Yaya, umulinde." Akalala. Mbele ya jua kuzama, alikuwa amekufa.

Nikaomba nimuoshe uso mimi mwenyewe. Ndani ya sikio, lile la kusikilizia simu, kulikuwa udongo. Mweusi. Wa baridi. Nikatoa na kidole, muzizi mwembamba ukatokea. Nikavuta. Ukakuja. Nikavuta tena, ukawa murefu kupita mukono wangu.

Nikaitisha kisu nikaukata, kwani kule ndani nako ulikuwa unavutwa.