Mfupa Hauimbi Uongo

"Nani huyu Oakes anayekuandikia asubuhi yote hii?"

Tansy Stidham alikuwa anakaanga mayai. Hakugeuka.

"Ni mwalimu, Colter. Nipe simu yangu."

Colter Rusk akausoma ujumbe kwa sauti, amebana pua kama kikongwe: "'Tansy, insha yako imetugusa. Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa juu. Uje umeshiba.' Ala! Umeomba Meza bila kuniambia?"

Meza ndilo jina wanafunzi waliloipa Programu ya Wanafunzi Bora ya chuo chao, chuo kidogo kilichobanwa na milima ya Kentucky. Huko Mezani husomi somo moja. Unaozesha mawili, na uonyeshe mtoto aliyezaliwa. Kila mwaka huingia sita tu, na wakishaingia huhamia pamoja kwenye nyumba ya matofali kilimani. Tansy aliitaka nafasi ile kwa sababu mbili. Ya kwanza, kichwa alikuwa nacho. Ya pili, nyumba ile ilikuwa na mlango ambao Colter hakuwa na ufunguo wake.

"Si na wewe umeomba?" akasema kwa upole. "Tutaingia wote."

"Wote! Mimi mtoto wa jaji nikae meza moja na binti wa mchimba makaa, anisahihishe mbele za watu?"

"Nimekusahihisha lini?"

"Kila siku! Hata ukinyamaza unanisahihisha!"

Kofi likamkuta bado ameshika mwiko. Kikaango kikaruka, mayai yakatapakaa sakafuni. Colter akamkamata nywele, akamgongesha uso kwenye mlango wa kabati, mara ya kwanza, mara ya pili. Mdomo ukapasuka.

"Jumamosi utakuwa wapi?"

"Kitandani."

"Unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Ndiyo hivyo, mpenzi wangu." Akamfuta damu kwa mkono wa shati lake mwenyewe, akambusu kwenye paji la uso.

Kitendawili! Kipo kinachouma na kupuliza. Nyie mtajibu panya. Tansy alikuwa na jibu lake, lina kope ndefu na linanukia sabuni ya msonobari.

Mwezi wa pili Colter alimvunja mkono wa kushoto. Wakiwa hospitalini akamlisha supu kwa kijiko, akipuliza kila kijiko kabla ya kumtilia mdomoni, mpaka manesi wakamwonea Tansy wivu. Naye Tansy alimpenda. Msicheke. Moyo haufugwi kwa kamba, na aliyewahi kupulizwa anajua utamu wake.

Saa sita mchana simu ikalia. Ujumbe: "Nisamehe, roho yangu. Nimekuachia pai ya matofaa mlangoni. Lakini usiende."

Pai hakuigusa. Akampigia Mamaw, bibi yake aliyemlea.

"Mamaw, nimeanguka tena. Nimepasuka mdomo."

"Umeanguka kwenye nini?"

"Barafu."

"Barafu imeyeyuka wiki mbili sasa, mwanangu. Huku kwangu maua yameshachanua. Hiyo barafu yako ina miguu? Inavaa kofia?"

Tansy akaanza kulia.

"Lia, lakini sikiliza. Babu yako naye alikuwa na barafu ya aina hiyo. Siku moja nikaipiga na kikaango cha chuma, ikayeyuka ikatiririka mpaka kaunti ya tatu, haikurudi tena. Sikwambii upige mtu. Nakwambia Jumamosi uende."

"Ataniua, Mamaw."

"Na ukikaa, je?"

Mamaw akakata simu.

Jumamosi asubuhi Colter akavaa koti lake la buluu. Akachukua ufunguo wa gari, akachukua simu ya Tansy, akachukua na viatu vyake vyote ndani ya gunia, hata ndala. Akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Pumzika tumbo lako," akasema, akatoka.

Tansy akasikiliza gari mpaka likamaliza kona. Akainuka, akavaa mabuti ya Colter ya kufanyia kazi za shamba, namba kumi na mbili, akasokomeza magazeti mbele ili yasimtoke, akashika njia. Maili tatu za matope. Alipousukuma mlango wa ukumbi wa juu alikuwa na tope mpaka magotini na mdomo umevimba kama nyanya. Waombaji kumi walikuwa wamekaa kuizunguka meza ndefu. Mmoja wao alikuwa Colter, na uso wake ukapoteza rangi, kisha ukapata nyingine.

"Kaa, binti," akasema Dakta Oakes, bibi mwenye fimbo na miwani mizito. "Uso umepatwa na nini?"

"Nieleze baadaye, mwalimu?"

"Baadaye ni leo hii," akasema Oakes, akawageukia wote. "Sheria za Meza mnazijua, nazirudia. Hapa hakuna anayetetea insha yake. Vichwa vya insha viko ubaoni, majina hayapo. Chagua ya mwenzako, soma ukurasa wa kwanza, kisha jibu maswali kana kwamba mwandishi ni wewe. Mwenye kulijua wazo lake tu, wako wengi. Tunamtaka anayeweza kubeba la mwenzake."

Colter akasoma ubao. Cha nne kiliandikwa: Mfupa Hauimbi Uongo. Akatabasamu. Kabla ya hapo, wiki nzima nyumba yao ilikuwa imejaa mifupa ya nguruwe juu ya meza na nyimbo za kale za milimani kwenye redio. Tansy alimwambia anaandika kazi ya darasa, habari ya mifupa na nyimbo, naye hakuomba kusoma. Aliwaza: nitaisoma kwa mbwembwe, wacheke wote. Insha ikishachekwa, mwenyewe amekwisha.

"Nachukua ya nne," akasema, akamkonyeza Tansy.

Tansy akaufungua mdomo wake uliopasuka, akaufunga.

Colter akasimama, akabana pua, akaanza kwa sauti ya kuchekesha: "'Katika nyimbo za zamani za milima hii, kijana anampenda msichana, anamtembeza mpaka mtoni, na asubuhi msichana anaokotwa amekufa. Wimbo unatuambia alikuwa mzuri. Hautuambii alikufaje. Mimi nimesomea mifupa, na mfupa hauimbi uongo.'"

Mmoja akacheka. Colter akapata nguvu, akaendelea.

"'Mtu akianguka hujikinga kwa kiganja, na mkono huvunjika karibu na kiganja, upande wa kidole gumba. Lakini akiuinua mkono ili asipigwe usoni, huvunjika katikati, upande wa kidole kidogo.'" Pua ikaachiwa. Mbwembwe zikaanza kupungua. "'Mwezi wa pili mwaka huu nilivunjika mkono wa kushoto. Niliwaambia madaktari nimeanguka. Picha inaonyesha katikati, upande wa kidole kidogo.'"

Aliyecheka akatazama chini.

"Ahsante, mwandishi," akasema Dakta Oakes. "Naanza mimi. Nani alikuvunja mkono?"

"Huu ni... huu ni mfano tu, mwalimu."

"Insha haikusema mfano. Hapo ulipo, wewe ndiye uliyeandika. Nani?"

Colter akarudisha macho kwenye ukurasa. "Mtu niliyempenda."

Mwombaji mmoja, Rosalba, msichana mnene mwenye hereni za shaba, akainua kalamu. "Ulimfanyia nini mpaka akakupiga?"

"Nilikuwa namjibu. Najifanya najua kuliko yeye. Kila siku najua kuliko yeye!"

"Na adhabu ya kujua ni kuvunjwa mkono?"

"Sikutaka kuuvunja!" Shingo ya Colter ilikuwa nyekundu. "Nilimpiga mara moja tu! Mara moja! Mkono aliuinua mwenyewe! Asingeuinua usingevunjika!"

Neno likishatoka ni kama mkojo wa ng'ombe, halizoleki. Meza nzima ikageuka, macho yakaenda kwenye mdomo wa Tansy, yakashuka mpaka kwenye mabuti ya kiume yaliyojaa tope.

"Shetani wewe!" Colter akanguruma. "Umenitega!"

"Kuchagua umechagua mwenyewe," akasema Tansy.

Colter akapanda juu ya meza. Karatasi zikaruka, jagi la maji likapasuka, naye akamwangukia Tansy na kiti chake. Wakaanguka pamoja. Akamkaba koo kwa mikono miwili, akambamiza kichwa sakafuni. Rosalba akamvuta koti, akapigwa kiwiko, pua ikachuruzika damu. Dakta Oakes akashusha fimbo mgongoni mwa Colter, fimbo ikakatika. Tansy akaona giza linamjia toka pembeni. Kidole gumba cha Colter kilikuwa karibu na mdomo wake, akakiuma, akauma kwa meno yote aliyopewa na Mungu, mpaka akausikia mfupa. Colter akapiga yowe, akaachia. Ndipo watu wanane wakamlalia, wengine miguuni, wengine kichwani, mpaka walinzi wakaja na pingu.

"Tansy! Waambie! Waambie unanipenda!" alikuwa akilia wakimburuta.

"Nilikupenda," akasema Tansy, sauti inakwaruza. "Mpelekeni."

Dakta Oakes akapiga magoti kwa shida kando yake. "Nilijua ni wewe. Sikujua ni yeye. Nisamehe, nilimwacha aendelee kusoma. Twende hospitali, haya mengine tutayafanya wiki ijayo."

"Hapana. Nimetembea maili tatu na mabuti ya mtu. Hospitali nitakwenda nikishamaliza zamu yangu."

Akachagua insha ya nyuki na sheria za kanisa. Akaisimamia kama yake, akitema damu kwenye kitambaa kila baada ya sentensi mbili. Rosalba, pamba puani, akamuuliza swali gumu kuliko yote. Tansy akamjibu kwa swali gumu zaidi, mpaka Rosalba akapiga meza: "Jamani, hiyo insha ni yangu, na mimi mwenyewe sikuliwaza hilo!"

Jioni majina sita yakabandikwa. La Tansy lilikuwa la kwanza.

Siku tano baadaye alikuwa chumbani kwake katika nyumba ya kilimani. Simu ikaita. Sauti ya Colter ilikuwa ndogo, imejaa machozi.

"Baba amenitoa, lakini mambo mabaya. Mpenzi, waeleze ulikuwa mchezo wa kuigiza wa pale Mezani. Mimi na wewe tutaoana mwezi wa sita. Nakuapia."

Tansy akafumba macho. Moyo ukamwendea, kweli ukamwendea, kama mbwa anayejua jina lake.

"Colter, picha za mfupa nimeshampa mwendesha mashtaka wa kaunti ya pili, ambako baba yako si jaji. Usinipigie tena."

Akakata. Akakaa, akalia mpaka akamaliza. Kisha akashuka kwenda kula.

Hakufika chini. Huko jikoni mwanamume alikuwa anapiga kelele, ngumi inagonga meza, sahani zinaruka. Tansy akajibana ukutani, mikono kichwani.

"Nasema malkia hachaguliwi! Nyuki hawana uchaguzi, Rosalba, acha ukaidi!"

"Mkaidi wewe! Nipe siagi!"

Akachungulia. Kijana aliyekuwa anafoka, mmoja wa wale sita, alikuwa anampakia Rosalba siagi kwenye mkate wa mahindi, wote wawili wamewiva uso kwa ubishi, na mkono wake ulipoinuka ulikuwa unatafuta chumvi.

"Huyo hapo!" Rosalba akaita. "Tansy, njoo mwambie huyu mjinga!"

Tansy akashusha mikono yake, kwanza mmoja, halafu wa pili. Akavuta kiti.

"Wote wawili mmekosea!" akasema kwa sauti ya juu kuliko yao, na hakuna aliyempiga.