Picha ya Mia Mbili na Kumi

Kila siku baada ya masomo, klabu ya sayansi ilikutana katika chumba cha kompyuta kuwasaidia watafiti. Katika kituo chao, mashine kubwa iligonganisha chembe ndogo kuliko atomu, na kila mgongano uliacha mistari iliyonaswa kwenye picha. Wanafunzi walitafuta mstari usiofanana na mingine, kwani huenda ukawa alama ya chembe mpya. Kila picha ilikaguliwa na wanafunzi wawili, kila mmoja peke yake.

Msichana aliyeitwa Chapuchapu alipewa picha mia tatu zilezile alizopewa mvulana waliyemwita Kobe, kwa jinsi alivyokuwa mzito wa kumaliza kazi. Baada ya picha ishirini, Chapuchapu alichoka. Siku Kobe alipojibu picha ya mwisho, akatoka kunywa maji kabla ya kuwasilisha, Chapuchapu alinakili majibu yake yote, akawa wa kwanza kuwasilisha.

Wiki mbili baadaye, shangazi yake Chapuchapu, mtafiti wa kituo hicho, alifika klabuni. Alisema wenzake wameacha kazi nyingine siku kumi nzima kwa ajili ya picha ya mia mbili na kumi.

"Mtu mmoja anaweza kukosea," alisema, "lakini wawili, Kobe na Chapuchapu, wameuona mstari uleule."

Wote wakapiga makofi. Kobe alikiri kwamba yeye hakuwa na uhakika, ila amefarijika kusikia mwenzake naye ameuona. Chapuchapu aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Shangazi alipoaga, Chapuchapu alimkimbilia hadi langoni.

"Shangazi, mimi sikuuona. Hata hiyo picha sikuitazama. Nilinakili."

Shangazi alimshika mkono. Kisha akamrudisha ndani ayaseme hayo mbele ya wote. Aliyasema huku machozi yakimtoka. Kobe alifunga kompyuta yake, akatoka bila kumwangalia.

Chapuchapu alirudia picha zote, moja moja, kwa siku sita. Ule mstari, watafiti waligundua, ulitokana na kifaa kibovu. Alimwomba Kobe msamaha. Kobe alimwambia amemsamehe, lakini ilichukua muda kabla hajakaa naye tena.

Shangazi aliporudi, Chapuchapu alisema bado anaona aibu.

"Miaka kumi na minane natafuta chembe mpya, mwanangu, na sijapata hata moja," shangazi alimjibu. "Kusema sijaona si aibu. Aibu ni kusema umeona usichokiona, maana kuna mwenzako atakuamini."