Baba wa Sentimita Kumi

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Sindano alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akafungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akasema, "Nimerudi." Hakuna aliyemjibu. Alijua hamna mtu ndani, lakini mazoea yana taabu. Kesho yake alisema vilevile.

Jina la Sindano alipewa na baba yake kwa sababu ya wembamba wake. "Wewe ukigeuka ubavu, mimi sikuoni," baba alizoea kumtania. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka uliopita alipata mkataba wa miaka miwili mahali pa mbali sana, akaenda. Mama naye alipata kazi ya kufua mashuka hospitalini, ndipo wakahamia mji huu ambamo Sindano hakuwa na rafiki hata mmoja.

Mama alirudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa hiyo Sindano alikuwa na saa tatu nzima za kukaa peke yake. Alitundika sare, akaosha vyombo, akafanya kazi ya shule, na bado saa zilibaki tele. Nyuma ya ukuta aliwasikia watoto wa jirani wakigombania rimoti. Sindano aliwaonea wivu. Mtu akifika mahali pa kutamani hata ugomvi wa wenzake, ujue upweke umemkolea.

Ili saa ziende, alianza kujenga chumba ndani ya boksi la feni. Kilikuwa sebule yao ya zamani, ile waliyokaa wote watatu. Mkaaji wake wa kwanza alikuwa sanamu ya mzimamoto, mwanamke, ambaye magoti, viwiko na shingo vyote vilikunjika. Baba alimnunulia siku aliyoondoka. Sindano alimvua kofia ya chuma, akamshonea gauni kwa foronya iliyochakaa, akamwita Mama. Meza ya Mama ilikuwa kiberiti na kiti chake kizibo cha chupa. Vyote vilikuwa vidogo mno, na kila alipovitazama vilimkera.

Jumapili moja baba alipiga simu kama kawaida yake.

"Sindano, huku kuna duka la vitu vya sanamu. Kuna meza, viti, baiskeli, kila kitu! Nataka nikutumie vya kile chumba chetu. Muuzaji anauliza skeli gani, moja kwa kumi na mbili au moja kwa kumi na nane?"

Boksi la mzimamoto lilikuwa chini ya kitanda, na namba ya skeli ilichapwa ubavuni. Ilikuwa kazi ya kuinama tu. Lakini Sindano alikuwa amechoka na meza za viberiti, alitaka vitu vikubwa. Na kumi na nane si ni kubwa kuliko kumi na mbili? Hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

"Kumi na nane, baba."

"Umepima?"

"Nimepima," alisema Sindano, ambaye hakuwa amepima hata unyayo wa sanamu.

Kifurushi kilifika baada ya wiki tatu. Ndani mlikuwa na meza, viti vinne, redio, na baiskeli yenye kengele ndogo kama punje ya mtama. Chini kabisa, ndani ya pamba, alilala mwanamume mwenye kipara, naye viungo vyake vilikunjika. Alikuwa na karatasi yenye mwandiko wa baba: "Huyu ni mimi. Nimechagua mwenye kipara usije ukanichanganya na watu. Nitafutie pa kukaa."

Sindano alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Kisha akamsimamisha baba karibu na Mama, na kicheko kikakatika. Baba alimfikia Mama kifuani. Alimkalisha Mama kwenye kiti kipya, magoti yakapanda mpaka karibu na kidevu kama ya panzi. Vitu vilikuwa vizuri kweli, lakini hakuna kilichomfaa Mama hata kimoja.

Siku hiyohiyo mlango uligongwa. Alikuwa ni msichana waliyekaa naye dawati moja, amekuja kuazima daftari la jiografia. Darasani walimwita Redio, kwa kuwa akishawashwa hazimwi. Tangu wahamie, huyo ndiye mgeni wa kwanza wa Sindano.

"Ala! Umetengeneza mwenyewe?" Redio alipiga magoti mbele ya boksi. "Na huyu mtoto mwenye kipara ni nani?"

"Ni baba."

"Baba? Huyu si bado anasubiri kuandikishwa chekechea!" Redio akacheka hadi akashika mbavu.

Hakuwa na nia mbaya, ulimi wake tu ndio haukuwa na breki. Lakini Sindano alifunika boksi, akampa daftari, akasema kichwa kinamuuma. Alisikiliza hatua za Redio zikishuka ngazi moja moja mpaka zikapotea. Chumba kikawa kimya kuliko kabla mtu hajaja.

Jumapili baba aliuliza, "Haya, umeniweka wapi?"

"Kwenye kiti chako, baba. Karibu na dirisha."

"Naenea?"

"Unaenea sana."

"Safi! Na mimi huku sijambo. Tuko wengi, kila jioni ni soga na vicheko. Sasa nitumie picha siku ya maonyesho ya shule. Nataka kuwaonyesha wenzangu."

Sindano alirudisha simu kwa mama, akaenda kuegemea ukuta. Maonyesho ya kazi za mikono yalikuwa yamebakiza siku kumi na mbili. Uongo mmoja ulikuwa umezaa wa pili, na huo wa pili sasa ulitaka picha.

Wiki nzima alihangaika. Alimpandisha baba juu ya kiberiti nyuma ya kochi la kadibodi, ili picha isionyeshe miguu. Urefu ukalingana na wa Mama, lakini kichwa kilibaki kidogo. Pembeni ya kichwa cha Mama kilikuwa kama limau mbele ya chungwa. Akamchuchumalisha Mama, akaonekana kama anatafuta shilingi iliyoanguka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sindano aliijua methali hiyo kwa moyo, lakini aliona imetungwa kwa ajili ya watu wengine.

Jumamosi mama alikuwa zamu. Sindano alishuka ghorofa ya chini kwa mama mmoja mchora ramani za nyumba, ambaye watoto wote walimwita Bi Rula, ingawa si mbele yake. Alitaka mabaki ya kadibodi ili ajenge kochi refu zaidi la kumficha baba. Mkononi alikuwa na mfuko wenye sanamu zote mbili.

"Shikamoo, mama. Naomba kadibodi, kama unayo."

"Marahaba, mwanangu. Kadibodi ninayo mpaka ya kukuuzia. Ingia."

Juu ya meza kubwa palikuwa na nyumba ndogo ya kadibodi, kamili na ngazi zake, madirisha na mtu mmoja mlangoni. Ilikuwa nzuri hata Sindano akasahau kilichomleta. Bi Rula alitupia jicho mfuko wake.

"Na hao ni nani?"

"Ni Mama na Baba." Aliwatoa akawalaza mezani. "Baba ni mdogo. Nilisema kumi na nane nikidhani ni kubwa."

Bi Rula hakucheka. Alitoa rula nyuma ya sikio, pale watu wengine wanapoweka kalamu, akaiweka mezani.

"Mkate mmoja wagawie watu kumi na wawili. Mwingine, wa ukubwa uleule, wagawie watu kumi na wanane. Wewe utakaa meza ipi?"

"Ya watu kumi na wawili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu vipande ni..." Sindano akajishika kichwa. "Ni vikubwa zaidi."

"Ndiyo skeli hiyo. Ile namba ya pili inasema kitu halisi kimegawanywa mara ngapi. Ikikua, kitu kinapungua. Hata watu wazima hukosea hapo, ila wao hawasemi. Haya, mpime Mama."

"Sentimita kumi na nne."

"Zidisha kwa kumi na mbili."

"Mia moja sitini na nane."

"Huyo ni mtu mzima kabisa. Sasa Baba."

"Kumi. Mara kumi na nane ni... mia moja na themanini!"

"Umeona? Baba yako ni mrefu kuliko Mama. Hana kosa lolote, ni wa ukoo mwingine tu. Vitu vya skeli mbili ukivikalisha pamoja, kila kimoja kinamuumbua mwenzake."

Alimpa rula. Sindano alipima meza ya Bi Rula, ikawa sentimita sabini na mbili, kwa hiyo ya Mama iwe sita. Alipima mlango, sentimita mia mbili na nne, kwa hiyo wa kwenye boksi uwe kumi na saba. Aliandika kila namba. Lakini kila alipoandika alimtupia jicho yule mwenye kipara aliyelala mezani, na moyo ukamuuma. Samani mpya angezijenga. Baba angemjenga na nini?

Bi Rula alipokwenda kuchemsha maji, Sindano alisimama dirishani. Mwisho wa barabara mtu alikuwa akija na baiskeli. Sindano alifumba jicho moja, akanyoosha mkono wenye rula. Mtu yule alikuwa na sentimita mbili. Alipokaribia akawa nne, kisha saba. Alipopita chini ya dirisha alikuwa mwanamume mkubwa mwenye mabega mapana, anajifuta jasho.

"Mama!" Sindano aliita. "Hakupungua! Alikuwa mbali tu!"

Bi Rula alitokeza kichwa jikoni, akatabasamu. "Basi nawe toboa dirisha ukutani, weka barabara nyuma yake. Iinue kidogo kwa nyuma, na iwe nyembamba kadiri inavyokwenda. Lakini mwanangu, baba yako anajua kuwa haenei?"

Sindano aliangalia miguu yake.

"Kadibodi nitakupa," alisema Bi Rula. "Hilo lingine sina la kukupa."

Jumapili asubuhi Sindano alimsimamisha mama yake mlangoni, akampima kwa rula hatua kwa hatua. Mama alikuwa na sentimita mia moja sitini na sita. "Zimepungua mbili," alisema Sindano. Mama alikwenda akavaa viatu, akarudi kusimama. "Pima tena," alisema, nao wakacheka. Kisha simu ikalia.

"Baba," alisema Sindano kabla hata ya salamu, "sikupima. Siku ile nilikudanganya. Vitu ni vidogo kwa Mama, na wewe huenei. Hukukaa kwenye kile kiti hata siku moja."

Sindano alisikia kiti kikikwaruza sakafu upande wa pili. Baba alikuwa ameketi.

"Nimezunguka duka lile jioni tatu," baba alisema. "Imeniuma kidogo, sitakuficha. Lakini na mimi nina langu. Nilikuambia kila jioni tuna soga na vicheko. Hakuna, mwanangu. Wenzangu wana lugha yao. Nikitoka kazini nakaa chumbani peke yangu, nahesabu siku."

Sindano aliibana simu sikioni. Alikuwa amedhani ni yeye peke yake anayekaa hivyo.

"Sikiliza, Sindano. Fundi akipewa kipimo cha uongo, hata awe hodari vipi, geti halifungiki. Na sisi tuko mbali, kitu tunachopeana ni maneno tu. Ukiwa mpweke niambie mpweke, na mimi nitakuambia. Kitu kisipoenea, sema hakienei. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Siku zilizofuata Sindano alikata, akapima, akabandika. Jumatano alijikaza akamwambia Redio, "Siku ile ulinichoma." Redio alikodoa macho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakosa neno. Jioni alipanda ngazi na chupa ya gundi mkononi, akaketi akapaka rangi barabara mpaka mama akarudi, huku akisimulia habari za mtaa mzima.

Siku ya maonyesho watu waliinama kutazama ndani ya boksi. Mama alikaa kwenye kiti kilichomtosha, miguu sakafuni, kikombe kikimtosha mkono. Nyuma yake palikuwa na dirisha lenye kiti kitupu kando yake, na nje ya dirisha barabara. Kando ya barabara palikuwa na kibanda chenye ile meza ya kifurushi, viti vinne na redio. Na barabarani alikuja mtu mwenye kipara, anasukuma baiskeli. Mama halisi, aliyeomba ruhusa kazini, alipiga picha. Akaitazama, akapiga ya pili.

Jumapili baba alisema, "Nimeiona. Kiti changu kiko wazi."

"Ndiyo, baba. Uko njiani. Unaonekana mdogo kwa kuwa bado uko mbali."

"Na huo mlango? Utanitosha nikifika?"

"Sentimita kumi na saba, ambazo ni mia mbili na nne kamili. Utapita bila kuinama."

"Umepima?"

"Nimepima, baba," alisema Sindano. "Mara mbili."