Bomba la Nyuma ya Choo

Kule Igogo, mlimani kando ya ziwa, nyumba zimekaa juu ya mawe. Gari halifiki. Saruji, magodoro, hata kabati la bibi harusi, vyote hupanda kichwani au begani. Na choo kikijaa je? Hapo ndipo penye kazi.

Choo cha Mzee Shigela kilikuwa na bomba kwa nyuma, limezibwa kwa gunia. Mvua kubwa ikianza, Shigela hushika jembe na kulivuta lile gunia. Uchafu hutoka, mvua huubeba, mtaro huushusha. Majirani nao walifanya vivyo hivyo. Mvua ikikatika, mawe yanang'aa na kila mtu anajiona msafi.

"Uchafu unakwenda wapi, baba?" binti yake Selina aliwahi kumuuliza.

"Ziwani. Ziwa ni kubwa, mwanangu."

Selina yuko kidato cha tano. Mwaka huu alichaguliwa kwenda Uswidi, yeye na wanafunzi wa nchi nyingine, kujifunza kuongoza watu katika kutunza mazingira. Alirudi mvua za vuli zikiwa zimeanza. Jioni aliwaonyesha wazazi na majirani picha kwenye simu: mapipa ya taka ya rangi rangi, na ziwa safi ambamo watu wanaogelea.

"Hayo mapipa, lori linayafuata?" Shigela aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Basi ungetuletea na lori la kupanda mawe haya!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Selina alizima simu. Ilimuuma sana.

Asubuhi zikaja habari mbaya. Faith, mtoto wa shangazi Paskazia anayekaa chini ufukweni, alikuwa anaharisha tena. Ilikuwa mara ya pili tangu mvua zianze. Selina alikuwa anamenya viazi. Kisu kikamsimama mkononi, akamkumbuka Bibi Ingrid, mwenyeji wake kule Uswidi.

Bibi yule alimwambia, "Unaliona ziwa hili? Nilipokuwa msichana lilikuwa linanuka. Vyoo vyetu tulivimwaga humu."

"Ninyi? Mliachaje?"

"Mwalimu wetu alituambia tuyafuate maji kwa miguu, kutoka mlangoni mwetu mpaka yanapoishia. Baba yangu alirudi nyumbani akaziba bomba letu."

Selina akaweka kisu chini.

"Baba, nisindikize kwa shangazi tukamwone Faith. Lakini tupite mtaroni."

"Mtaroni? Na ngazi zipo?"

"Leo tu, baba. Naomba."

Shigela alipandisha suruali, wakashuka. Mtaro ulikuwa na nepi, mifuko na vitu vingine ambavyo havitajiki. Harufu ilikuwa kali.

"Jamani, watu hawana adabu!" Shigela alilalamika. "Hebu ona huyu alivyotupa nepi! Na huyu je?"

Selina alizidi kushuka. Mtaro ukapinda, ukapita nyuma ya nyumba ya Paskazia, ukaingia ziwani. Shigela hakuwahi kuuona upande huo, maana siku zote alifikia mlango wa mbele. Hapo karibu, juu ya jiwe bapa, dada yake alikuwa ameinama anachota maji kwa ndoo.

"Shikamoo, kaka! Leo mmeshuka kama mbuzi?"

Shigela alisahau hata kuitikia. "Maji hayo ni ya nini?"

"Ya vyombo. Na ya uji wa Faith. Nayachuja kwa kitambaa."

Bernadeta, mhudumu wa afya wa mtaa, alitoka ndani. Alikuwa anamnywesha Faith maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari.

"Kuchuja kunaondoa takataka tu," alisema. "Vijidudu vya kuharisha vinabaki. Chemsha maji mpaka yatokote, kisha yafunike. Faith umpe ORS kidogo kidogo, mara kwa mara. Macho yakidumbukia au akishindwa kunywa, kimbia naye kituo cha afya."

"Lakini mbona anaugua mvua ikinyesha?" Paskazia aliuliza.

Bernadeta alitazama mlimani. "Mvua ikinyesha, huko juu wanafungulia vyoo."

Shigela alivua kofia.

"Paskazia, hata mimi nafungulia."

"Wewe, kaka?" Ndoo ilimponyoka. "Yaani nimempikia mwanangu uji kwa maji ya choo chako?"

Aibu ilimjaa Shigela, na machozi yakamlengalenga mbele ya binti yake.

"Sasa tufanyeje?" hatimaye aliuliza. "Gari halipandi kule."

"Wapo vijana wenye pampu ya mkono," Bernadeta alieleza. "Wananyonya, wanajaza mapipa yenye vifuniko na kuyashusha hadi barabarani. Gari la majitaka linayachukua hapo. Mkiwaita majirani pamoja, gharama inapungua. Na mwulizeni mwenyekiti wa mtaa kuhusu mabomba ya majitaka. Yapo yanayolazwa juu ya mawe."

Siku hiyo hiyo Shigela aliziba bomba kwa saruji. Jumamosi, Selina hakuonyesha picha tena. Yeye na baba yake waliwashusha majirani mtaroni, mpaka kwenye jiwe la Paskazia. Wengi walirudi wakaziba mabomba yao. Ngosha, jirani mbishi, aliendelea kusema ziwa ni kubwa, mpaka mkewe akaliziba bomba lao mwenyewe. Vijana wa pampu waliitwa, na ombi la mabomba likapelekwa kwa mwenyekiti.

Kisha ikaja mvua, tena ya mawe. Shigela aliinuka, akashika jembe kama alivyozoea. Mlangoni akasimama. Akajicheka, akaliweka jembe, akatega ndoo chini ya bati.

Simu ikaita. Alikuwa Paskazia.

"Kaka, huko mvua hainyeshi?"

"Inanyesha haswa!"

"Mbona mtaro umejaa na haunuki?"

Shigela alilitazama jembe lake. "Faith yuko wapi?"

"Yuko hapa anakula. Kashamaliza samaki wake, sasa ananyemelea wangu."