Kisanduku cha Noeli

Bartolomayo alichomoa betri ya kisanduku, akaiweka kwenye meza ya karakana karibu na pasi ya kulehemu, na sauti ikaendelea.

Haikuendelea sana. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa mazoea ya miaka mingi alipima muda mfupi kwa sala. Akaanza Baba Yetu moyoni, na alipofika "ufalme wako uje", spika ikanyamaza. Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa nane, na watu wa Kizota walikuwa wamelikimbia jua. Mashine ya jirani ya kukamua alizeti ilikuwa imezimwa kwa ajili ya chakula. Hakukuwa na kitu kingine cha kutoa mlio.

Alijiambia ni umeme uliobaki ndani. Lakini alikuwa fundi redio kwa miaka thelathini na moja, na alijua kwamba umeme unaobaki ndani ya kifaa kidogo kama kile hufa kabla mtu hajapepesa macho. Haufiki hata "uliye mbinguni".

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha bati la kijivu, kinachotosha kiganjani, chenye swichi ya kukanyagwa kwa mguu na vifundo viwili. Gitaa huchomekwa upande mmoja, spika upande mwingine, na sauti hubadilika katikati. Kilikuwa cha mwanawe Noeli, mpiga gitaa wa kwaya, ambaye lori lilimgonga mwezi wa kwanza akirudi kwa pikipiki kutoka Buigiri, alikokwenda kufunga spika za kanisa. Na hakikupaswa kuwa pale.

Katika ukoo wao, matanga yakimalizika, vitu vyote vya marehemu hutolewa nje, huwekwa juu ya mkeka mmoja na kugawiwa ndugu na marafiki. Jambo moja tu halikubaliki, nalo ni mzazi kumrithi mwanawe. Wazee wao waliona ni kumfundisha Mungu kwenda kinyumenyume. Kwa hiyo vitu vya Noeli vilipogawiwa nyumbani kwao Makole, gitaa lilikwenda kwa dada yake Rose, kisanduku chake kingine, cha kijani, kikaenda kwa rafiki yake Joel, mashati yakaenda kwa binamu zake, na Bartolomayo akakaa mikono mitupu. Filipo, kaka yake mkubwa, aliyeongoza kikao, akauliza mara tatu kama kuna kitu cha marehemu kilichobaki. Bartolomayo akajibu mara tatu kwamba hakuna. Kisanduku cha kijivu kilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake, na mkono wake ulikuwa umekishika.

Alikitaka kwa sababu Noeli alikiunda mwenyewe, kwenye meza ile ile ya karakana, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa transista mbili alizozing'oa kwenye redio ya babu yake. Mama yao alifariki Rose akiwa darasa la tatu, na watoto wale wawili walikulia chini ya meza hiyo, wakicheza na nyaya. Bartolomayo hakuwa na kitu kingine ambacho mwanawe alikifikiria mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Wiki moja baada ya ile siku ya betri, Joel na Rose walikuja karakanani. Kwaya ilitaka kurekodi wimbo wa mwisho aliotunga Noeli, na hawakuwa wamekubaliana juu ya sauti ya gitaa. Joel alimwamkia mzee, akakaa juu ya spika mbovu, akasema kisanduku cha kijani kinatosha kabisa. Rose akasema hakitoshi. Kaka yake wimbo ule aliupiga kwa sauti nyingine.

"Ile ya nyuki ndani ya debe," Joel alisema. "Mchungaji alikuwa anaziba masikio."

"Mchungaji alikuwa anafuta jasho. Aliyekuwa anaziba masikio ni wewe, kwa wivu."

Bartolomayo aliwasikiliza wakitaniana hivyo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba kusikia mtu akimtaja Noeli na kucheka. Hapo ndipo alipotakiwa kunyamaza. Badala yake alivuta droo, akatoa kisanduku, akasema ametengeneza kingine kama kile cha marehemu. Rose alikichukua. Aliuona mkwaruzo wa pembeni, ambao aliujua tangu zamani, akamtazama baba yake, kisha akalitoa gitaa begani.

Walianza na kile cha kijani, ambacho wapiga gitaa hukiita ovadraivi. Rose alipogusa uzi polepole, sauti ilitoka safi. Alipoukaza mkono, ikakwaruza kidogo, kama koo la mtu aliyeimba ibada mbili mfululizo. Iliufuata mkono wake. Na alipouacha uzi, sauti ilififia taratibu, ikapungua, ikaisha, kama mtoto anayeshikwa na usingizi.

Kisha wakachomeka kile cha kijivu, ambacho wao hukiita fazi. Humo hamkuwa na polepole wala nguvu. Guso dogo na guso kubwa vilitoa mlio ule ule, mpana, wenye miiba, kama turubai linalochanwa bila kufika mwisho. Sauti hii haikuufuata mkono wa Rose. Ilikuwa kana kwamba ilikuwa imeshaanza mahali fulani, na yeye amefungua mlango tu. Wala haikufifia. Ilisimama pale pale na nguvu zake zote.

"Hii ya kwako haifi, mzee," Joel alisema, akicheka.

Rose akalaza kiganja juu ya nyuzi zote sita ili kuikata. Sauti ikaendelea.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sijagusa."

Joel alisema inakamata redio. Visanduku vya namna ile hukamata redio, kila fundi anajua. Bartolomayo alijua, na akasubiri asikie mtangazaji au tangazo la sabuni, lakini kilichokuja kwanza ni harufu, harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi, wakati mvua ilikuwa haijanyesha Dodoma tangu mwezi wa nne, harufu aliyoinusa mara ya mwisho akiwa ukingoni mwa kaburi na koleo mkononi, na chini ya mlio ule mpana pakaanza mlio mwingine mwembamba, ukipanda na kushuka kama mtu anayejaribu mdomo ambao si wake, ukakosea, ukajaribu tena, ukapata, kisha kwa sauti ya Noeli, Noeli kabisa, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo, ukasema:

"Baba Noeli."

"Naam," Bartolomayo akaitika.

Ilimtoka kabla hajafikiri. Baadaye tu ndipo alipokumbuka kwamba majirani walimwita hivyo kwa miaka ishirini na sita, na mwanawe hakumwita hivyo hata siku moja. Mtoto hamwiti baba yake hivyo. Anayeita hivyo ni mtu wa nje, anayetaka kukaribishwa.

Sala moyoni mwake ilikuwa imefika "utusamehe makosa yetu" sauti ilipokatika, ghafla, kama koo lililobanwa. Joel alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka bila kuaga, na kisanduku chake cha kijani kilibaki sakafuni.

Kuanzia siku hiyo Rose aliacha kumaliza nyimbo. Kwenye mazoezi, wenzake walipofika mwisho wa mstari na kuvuta pumzi, yeye hakuvuta. Mwalimu wa kwaya alimsifu kwa pumzi ndefu. Jumapili ya pili hakumsifu tena, akamwomba apumzike kidogo. Nyumbani, mchana, alichekecha unga wa uwele huku akiimba mdomo umefungwa, noti moja tu, na Bartolomayo alisimama mlangoni akimtazama kifua. Kifua hakikupanda. Chungio lilikwenda huku na huku, unga ukashuka, noti ikaendelea, na baba akaisema sala yote mpaka "lakini utuokoe na yule mwovu" ndipo binti yake akageuka na kumwona.

"Baba," Rose alisema, na sauti ilikuwa imekauka, "kuna mtu ananitumia koo."

Kesho yake saa sita mchana Bartolomayo alikifungua kisanduku mezani, akakata kila waya uliokuwa ndani, akazing'oa zile transista mbili za babu, na akiwa bado amezishika, spika ambayo haikuunganishwa na kitu chochote ikaanza, kwanza chini kama mashine ya mbali, kisha ikijaza karakana, na harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka mezani, na alipotaka kutoka nje akaona chamchela cha vumbi kimesimama mlangoni, chembamba, chekundu, kirefu kama mtu aliyebeba mtu mabegani, kikizunguka pale pale bila kuingia na bila kuondoka, wala mifuko ya plastiki iliyokuwa chini haikupeperuka, haikutikisika hata kidogo, na yeye akasali kwa sauti akafika "Amina", akaanza tena, akafika "Amina", na sauti ilikuwa bado.

Kilipoondoka, alivuka uchochoro akaenda kwa Halfani, mwenye ile mashine ya alizeti. Halfani alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mzima, na watu walijua kwamba zaidi ya kuuza mafuta na mashudu alikuwa akiwasomea dua waliosumbuliwa na majini.

"Karibu, Baba Noeli."

"Niite Baba Rose," Bartolomayo aliomba.

Halfani alimtazama, akafunga mlango. Alikiweka kisanduku juu ya gunia la mashudu, akasoma kwa muda mrefu kwa sauti ya chini, kisha akakiuliza mwenyewe wake ni nani. Akamgeukia Bartolomayo na swali lile lile. Bartolomayo akaeleza yote: mkeka, mfuko wa koti, maswali matatu ya Filipo, na lile "naam". Hakuwahi kumwambia mtu, hata kwenye maungamo.

"Ungekitoa siku ile kingekuwa cha marehemu," Halfani alisema. "Cha marehemu kina njia yake. Wewe ulisema mara tatu, mbele ya watu, kwamba hakipo. Basi si cha marehemu, si chako, si cha mtu yeyote. Wako wanaotafuta vitu vya namna hiyo. Na mmoja wao alipokuita, ukamwitikia."

"Na mtoto?"

"Kirudishe mkekani. Kigawiwe na yule yule aliyegawa, kipate mwenyewe, na huyo mgeni atakosa pa kukaa. Lakini asipewe mtu aliyekwisha kuisikia sauti yake. Huyo tutakuwa hatumpi kisanduku. Tutakuwa tumemtoa yeye kwa mgeni."

Jumamosi saa nne asubuhi ukoo ulikusanyika tena Makole, juu ya mkeka ule ule. Halfani alikaa pembeni, kibarazani, maana hakuwa wa ukoo. Bartolomayo alipiga magoti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu isipokuwa kanisani, akaungama, akakiweka kisanduku katikati. Kisha akawaambia sharti la Halfani. Watu walikitazama. Filipo alipumua kwa pua. Alikuwa mzee, miguu ilimuuma, na aibu ya ndugu yake ilikuwa yake pia.

Akauliza nani atakipokea. Binamu waliochukua mashati walitazama mikono yao. Mmoja alisema hajui kupiga gitaa, mwingine kwamba nyumbani ana mtoto mchanga. Filipo akazunguka mkeka mzima kwa jina la kila mtu, na kila mtu alikuwa na sababu. Bartolomayo akasema basi apewe yeye, naye aende popote kitakapompeleka. Filipo akamjibu kwamba mzazi hamrithi mwanawe, na kwamba kosa hilo hilo ndilo lililowaleta hapo.

"Nipeni mimi," Rose alisema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, iliyochoka, na kila mtu aliitambua. "Ni cha kaka yangu. Nisipokichukua, baba atakirudia tena. Ninamjua."

"Siyo yeye," Bartolomayo alisema. "Kaka, yeye aliisikia. Nimewaambia. Mpeni mwingine yeyote, hata kwa siku moja."

"Uliulizwa hapa mara tatu," Filipo alisema, bila hasira. "Neno lako juu ya mkeka huu tulishalisikia."

Akakiokota kisanduku na kukiweka katika mikono ya Rose.

Kibarazani Halfani alisimama, akasema kitu, akakaa tena. Hakuna kilichotokea. Harufu haikuja. Kisanduku kilikuwa bati tupu lenye nyaya zilizokatwa, na Rose alitabasamu kidogo, akamtazama baba yake kama alivyokuwa akimtazama zamani akiwa chini ya meza. Wanawake wakaanza kusogea kwenda jikoni. Filipo akavua kofia na kuwaomba wafunge kwa sala ya Bwana, nao wakasali wote pamoja, polepole, Bartolomayo akitoa machozi, mpaka wakafika mwisho, wakasema "Amina".

Rose naye akasema "Amina", na hakuimaliza.

Ilitoka ikiwa wazi, kisha ikapanuka, ikaota miiba, ikasimama pale pale na nguvu zake zote, na watu wakageuka mmoja mmoja, na Bartolomayo akaanza Baba Yetu moyoni kwa sababu hakujua kufanya kitu kingine, akaimaliza, akaanza ya pili, akaimaliza, na harufu ya udongo mbichi ikaujaza uwanja, na mdomo wa binti yake ulikuwa umekwisha kufungwa zamani, macho yake yametulia, mikono imekishika kisanduku vizuri kama mtu anavyoshika kitu chake.

Kisha sauti ikakatika. Rose akakohoa kidogo, kusafisha koo.

"Baba Noeli," akasema, kwa adabu.

Safari hii Bartolomayo hakuitika. Sauti ile haikuwa na haja tena ya kuitikiwa.